Kwa Sababu Unayoijua Mwenyewe

Katika nchi yetu hakuna shida. Nalitanguliza hili kwa sababu msomaji wa ugenini akisikia habari za Bwana Ngwali Shamte anaweza kudhani shida zipo, akaanza kutuhurumia, na sisi tumekatazwa kuhurumiwa bila kibali cha Wizara ya Fedha na Furaha.

Bwana Ngwali alikuwa msomaji wa taarifa ya habari ya saa saba mchana katika Redio ya Taifa. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, kama uji unaomiminwa kwenye bakuli la mgonjwa. Alipotangaza kwamba bei ya sukari imeshuka, watu waliokuwa wametoka kuinunua kwa bei iliyopanda walirudi dukani kumuuliza mwenye duka kama hakujisahau. Hakuwa mwongo. Aliletewa karatasi, akasoma. Bomba halilaumiwi kwa rangi ya maji. Tena mengi aliyoyasoma aliyaamini, maana ni vigumu kusikia sauti nzuri namna ile kila siku ukaikatalia, hata ikiwa ni ya kwako.

Miaka hiyo Serikali ilikuwa imetuondolea mzigo wa kutembea na noti, ikieleza kwamba noti zikishikwashikwa zinaichafua sura ya Mtukufu Rais iliyochapishwa juu yake. Badala yake kila mtu mzima alipewa Kadi ya Imani. Ukinunua kitu, Benki ya Imani inakulipia kwanza, nawe unairudishia mwisho wa mwezi. Ukichelewa, unaongeza riba. Shule, duka la dawa na hospitali havikupokea kitu kingine. Siku ya uzinduzi mkurugenzi wa benki, Balozi Profesa Injinia Mavumba, alitoa hotuba tuliyoipigia makofi mpaka tukaombwa tuache.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani mlikuwa na fedha lakini hamkuwa na imani. Leo mna imani. Fedha tuachieni sisi."

Bwana Ngwali aliitumia kadi yake kwa jambo moja kubwa. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa na ugonjwa wa figo, na kila wiki alilazimika kulala kwenye mashine ya Hospitali Kuu ili damu yake isafishwe. Bila mashine maji yanajaa mwilini, miguu inavimba, kisha pumzi inakata. Mume alilipa kwa kadi, na mwezi haujaisha alikuwa ameshairudishia benki kila kitu. Alijivunia jambo hilo. Aliwaambia watu kwamba deni ni kama mgeni, humwachi akazoea nyumba.

Basi siku moja, katikati ya taarifa ya habari, baada ya ujenzi wa daraja na kabla ya mpira, akasoma kwamba Benki ya Imani imefunga akaunti za watu wachache wasioaminika, na kwamba mwananchi mwema hana sababu ya kuwa na wasiwasi. Aliisoma vizuri. Hakuwa na wasiwasi.

Kesho yake alimpeleka mkewe hospitali. Mhasibu, kijana mwenye tai ndefu, aliipitisha kadi kwenye kimashine chake, kimashine kikakohoa. Akaipangusa kwa tai, akaipitisha tena. Kisha akasoma maneno yaliyotokea kwenye kioo, kwanza kimoyomoyo, halafu kwa sauti.

"Akaunti imefungwa kwa sababu unayoijua mwenyewe."

Bwana Ngwali akamwambia lazima pana makosa. Mhasibu akamtazama vizuri, akaitambua sauti, akamuuliza kama si yeye aliyesoma jana kuhusu watu wasioaminika. Bwana Ngwali akakiri kuwa ndiye. Basi yule kijana akakisogeza kiti chake nyuma kidogo, kama watu wanavyofanya mbele ya mtu mwenye surua.

Aliyeokoa siku hiyo ni mgonjwa wa kitanda cha jirani, mjane aitwaye Sekela Mwang'amilo. Huyu alikuwa refa wa netiboli enzi zake, na ingawa figo zilimwishia, kifua cha kupulizia filimbi kilikuwa bado kipo. Yeye na Bi Zuwena walizoeana kwa ugomvi: huyu akitaka dirisha lifunguliwe, yule analitaka lifungwe. Sekela aliposikia mabishano pale dirishani kwa mhasibu aliita kutoka kitandani wakate kwenye kadi yake. Mhasibu akamuuliza kama ana uhakika.

"Kata," akasema Sekela. "Zuwena akifa nitagombana na nani?"

*

Bwana Ngwali hakulala vizuri. Maneno yale yalimkaa kichwani: sababu unayoijua mwenyewe. Mtu akiambiwa ameiba kuku, anajua aseme hakuiba kuku. Lakini akiambiwa anajua, ataanzia wapi kutojua? Akajikagua maisha yake yote kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro, na kila alipopapasa alichomwa.

Akaenda benki. Makao makuu ya Benki ya Imani ni jengo zuri lenye madirisha yasiyofunguka. Akaelekezwa Kitengo cha Kusikiliza, akamkuta dada mmoja mpole sana, akamweleza yote: mke, mashine, malipo yake ya kila mwezi yasiyochelewa. Dada akasikiliza mpaka machozi yakamlenga. Alipomaliza, Bwana Ngwali akangoja. Dada naye akangoja. Mwishowe akamweleza kwamba kazi yake ni kusikiliza tu. Wa kujibu yuko ghorofa ya juu, lakini yeye haruhusiwi kusikiliza.

Alipoona mzee hainuki, akamhurumia, akampa karatasi nyeupe. Akamshauri aandike mwenyewe sababu ya kufungiwa. Akiipata yenyewe, huko juu watamwambia.

Basi Bwana Ngwali akaandika. Aliandika kwamba huenda ni ile siku aliyopiga chafya kabla ya jina la Mtukufu Rais. Au arusi ya binamu yake, ambapo mtu alimwigiza Waziri akila na yeye akacheka, ingawa alicheka kwa kufunika mdomo. Au labda ni kwa kuwa aliwahi kuiombea timu ya jeshi ifungwe, kwa sababu za mpira tu. Karatasi ikapelekwa juu, ikarudi na shukrani. Hakuna iliyokuwa sababu yenyewe, lakini zote walikuwa hawazijui, na sasa zimeongezwa kwenye faili lake.

Ukweli aliupata ngazini. Alikutana na Chande, waliyesoma naye shule, ambaye sasa alikuwa mkubwa fulani humo ndani. Chande alitazama juu na chini, kisha akamvuta kwenye kona penye ndoo za wafagizi.

"Wewe unalipa," akamnong'oneza.

"Nalipa. Sijawahi kuchelewa."

"Ndiyo hiyo. Ngwali, sisi tunakula riba. Mtu anayelipa yote kabla ya mwezi kwisha, benki inakula nini kwake? Tumeambiwa tupunguze watu wasio na faida, tukawaondoa nyinyi."

Bwana Ngwali akauliza kwa nini basi aliambiwa asome kwamba ni watu wasioaminika. Chande akashangaa kweli. Akamuuliza alitaka wasome nini: kwamba wamewafukuza waaminifu? Nchi ingeelewaje?

*

Taarifa za kadi iliyofungwa zilifika redioni kabla ya mwenyewe. Mkurugenzi wa Redio ya Taifa, Ndugu Kilindo, alimpokea kwa heshima zote, akamkaribisha chai, akamweleza kwamba haiwezekani habari za imani zikasomwa na mtu asiye na Kadi ya Imani, wasikilizaji wangechanganyikiwa. Hakumfukuza. Alimpumzisha. Neno hilo tunalipenda sana katika nchi yetu, na makaburini kwetu pia limeandikwa sana.

Mtaani majirani hawakumtukana. Walimsalimia wakiwa wameshapita. Kinyozi wake alimnyoa upande mmoja, akakumbuka ana safari. Kilichomuuma Bwana Ngwali ni kwamba hakuweza kuwalaumu. Walikuwa wamesikia redioni, tena kwa sauti ya kuaminika, kwamba mwananchi mwema hana sababu ya kuwa na wasiwasi. Yeye alikuwa na wasiwasi.

Sekela aliendelea kuwalipia wawili, mpaka siku kimashine kilipokohoa na kwake. Yeye alifungiwa kwa kuwa matumizi yake yalikuwa yamezidi kawaida. Alipoelezwa hivyo, alimuuliza mhasibu kama kawaida ni mtu kufa peke yake. Mhasibu akajibu kwa adabu kwamba hana maelekezo.

Waliponea kwa muuguzi mmoja, Sista Perpetua, mwanamke mnene asiye na maneno mengi. Alikuwa amegundua kwamba kanuni za hospitali zinakataa mgonjwa asiyelipa, lakini hazisemi lolote kuhusu mgonjwa ambaye akaunti yake imefungwa na bado anaifuatilia. Basi akaweka benchi koridoni, akaliita Benchi la Subira, na kila mashine ilipopata nafasi baada ya wenye kadi kumaliza, aliwaingiza wa benchi hilo kwa zamu, mara saa moja, mara mbili. Haikutosha. Miguu ya Bi Zuwena ikavimba hata kandambili zikamkataa. Lakini aliishi. Yeye na Sekela walikaa pale benchini wakigombania mlango, ufunguliwe au ufungwe, na Bwana Ngwali aliwaletea barafu za kumumunya maana maji mengi walikatazwa.

Siku moja Sekela alimtania. Akamuuliza Bwana Ngwali, ambaye sasa alimwita shemeji, kama ile sauti ya redioni anaiacha kazini, mbona hapa anazungumza kama mtu aliyekalia miba. Bwana Ngwali akacheka. Kisha akageukia ukutani, na Bi Zuwena akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

*

Saa saba mchana nafasi ya Bwana Ngwali ilichukuliwa na Festo, mtoto wa dada yake Ndugu Kilindo. Festo alikuwa kijana mwenye bidii na shati safi, ila ulimi wake ulikuwa na haraka kuliko macho. Siku ya kwanza alisoma "Mtukutu Rais" badala ya "Mtukufu Rais". Watu walidhani wamesikia vibaya. Siku ya pili alirudia, na safari hiyo kuna mitaa iliyocheka kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu uhuru.

Inasemekana Mtukufu alikuwa mezani. Aliweka kijiko chini, akauliza yuko wapi yule mwingine. Hakuna aliyethubutu kusema amefungiwa kadi kwa kulipa madeni. Wakasema anapumzika. Akasema amepumzika vya kutosha.

Siku hiyohiyo gari la redio lilisimama mlangoni kwa Bwana Ngwali, na majirani wakaanza kumsalimia kabla hajapita. Ndugu Kilindo alimpokea kwa chai ileile. Akamweleza kwamba kadi yake itafunguliwa jioni ileile, na mkewe atarudishiwa kitanda chake na saa zake zote kwenye mashine. Makosa madogo yalitokea, nayo yamesamehewa pande zote mbili. Kulikuwa na karatasi moja tu ya kusoma kesho yake. Wakopeshaji wa ng'ambo, ambao nchi yetu inawaheshimu kwa sababu tunachowarudishia ni riba tu, walikuwa wamesikia uvumi wa akaunti kufungwa, na ilibidi watulizwe.

Bwana Ngwali akaisoma ile karatasi pale pale mezani. Ilisema kwamba hakuna akaunti hata moja iliyofungwa. Ilisema Benki ya Imani ni imara kama jina lake. Na mwisho ilisema: mwananchi yeyote ambaye kadi yake haifanyi kazi ajulikane kuwa amekataa kulipa kwa hiari yake, na huduma zote zimchukulie hivyo.

Akaliona akilini lile benchi la korido. Akauliza, taratibu sana, kama sentensi ya mwisho haiwezi kuachwa.

"Sentensi ya mwisho ndiyo taarifa," akasema Ndugu Kilindo. "Zilizotangulia ni salamu."

Kesho yake saa saba Bwana Ngwali aliketi mbele ya kipaza sauti akasoma yote. Hakukwama popote. Waliomsikia wanasema hajawahi kusoma vizuri namna ile.

*

Alipofika hospitali alasiri, Bi Zuwena alikuwa kitandani kwake, mirija mikononi, mashine ikizunguka. Kitanda cha jirani kilikuwa wazi, godoro limekunjwa. Koridoni benchi halikuwepo.

"Mhasibu alikuja na redio yake mkononi," Bi Zuwena alimwambia bila kugeuza uso. "Tulikuwa tunasikiliza sote, maana walinileta hapa asubuhi na Sista alimpa Sekela kitanda cha hapo apumzike. Alifurahi kukusikia. Akaniambia, 'Shemeji amerudi kazini.' Ulipofika mwisho, akavaa viatu."

Bwana Ngwali akaenda mbio kwa mhasibu, akaitoa kadi yake, ile iliyofunguliwa jana yake jioni, akamwambia amkatie Sekela Mwang'amilo kama yeye alivyomkatia mke wake. Mhasibu akasikitika. Akaeleza kwamba mtu aliyekataa kulipa kwa hiari yake hawezi kulipiwa na mwingine, maana huko kungekuwa kumnyang'anya hiari, na hiari inalindwa na Katiba.

Akamfuata nyumbani. Sekela alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya kreti ya soda, imevimba imeng'aa. Pumzi yake ilikuwa inakuja kwa kuomba. Hakumfukuza. Alimwagiza mpangaji wake alete kiti kingine, akamuuliza hali ya Zuwena, na kama dirisha la wodini sasa wameliacha wazi au limefungwa. Bwana Ngwali alianza kusema jambo. Sekela akamwinulia kiganja, kama refa anayesimamisha mchezo.

"Mkeo anapumua?"

"Anapumua."

"Basi. Ningekuwa na mume ningetaka asome." Akavuta pumzi mara mbili. "Ila nina ombi. Matangazo ya vifo mnawaachia vijana. Jina langu lina ng'ombe ndani yake, Mwang'amilo. Wale wenzako watasema Mwangamilo, wanifanye ngamia. Siku hiyo soma wewe."

Bwana Ngwali akaahidi. Akakaa naye mpaka magharibi, wakazungumza habari za mechi za zamani, na alipoaga Sekela alikuwa amesinzia huku mdomo wazi.

*

Tangazo lilikuja wiki iliyofuata. Ndugu Kilindo alishangaa kwamba msomaji wake mkubwa anataka kusoma vifo, kazi ya wanafunzi, lakini hakuona ubaya. Vijana wa wizara walikuwa wameshalipitia lile tangazo na kulirekebisha palipohitaji.

Baada ya taarifa ya habari, Bwana Ngwali akaivuta karatasi. Akasoma kwamba familia inasikitika kutangaza kifo cha Sekela Mwang'amilo, na lile jina alilitamka polepole, kwa ng' yake yote. Akataja kwao, akataja michezo aliyoichezesha, ambayo haikuwa imeandikwa. Akarudi kwenye karatasi. "Amefariki nyumbani kwake," akasoma, "baada ya..."

Karatasi iliendelea: *kukataa matibabu kwa hiari yake.*

Yeye hakuendelea.

Nchi nzima ikasikia kimya. Wengi walidhani betri zimekwisha, wakazitoa wakazing'ata. Wengine waliipiga redio makofi. Fundi mitambo alitazama kupitia kioo akamwona Bwana Ngwali ameketi wima, mikono mezani, taa nyekundu inawaka, midomo imefungwa. Alimwonyesha karatasi kwa kidole. Bwana Ngwali akatikisa kichwa. Wapo wanaoapa kwamba kimya kile kilidumu kuliko hotuba ya Balozi Profesa Injinia Mavumba, na kwamba katika duka moja sokoni watu walivua kofia. Mimi siwezi kusema. Mwishowe Ndugu Kilindo aliingia anahema, akaweka sahani ya santuri ya bendi ya polisi.

Jioni Serikali ilitoa ufafanuzi. Hakukuwa na kimya chochote. Yeyote aliyekisikia aende hospitali akapimwe masikio, na asisahau kadi.

Lakini hilo lilikuwa jioni. Wakati santuri inalia, redio ya Sista Perpetua ilikuwa kwenye dirisha la wodi, na Bi Zuwena alikuwa amelala kwenye mashine, saa zake bado nyingi. Alikuwa amekisikiliza kile kimya chote, kichwa ameinamisha kidogo, kama mtu anayeambiwa jambo sikioni. Bendi haijafika nusu akamwita Sista, akamwomba amtoe mirija.

Sista akamwambia muda wake haujaisha.

"Nitoe tu, mwanangu," akasema Bi Zuwena. "Mume wangu anakuja kunichukua. Sitaki akute mhasibu ameshafika."

Sista Perpetua akamtazama. Kisha akaizima mashine, akamchomoa sindano moja moja, akamfunga bandeji. Bi Zuwena akazikunja khanga zake, akazitia mkobani, akajifunga kilemba. Akaketi ukingoni mwa kitanda akiuangalia mlango.